Aliyeitika Kutoka Kiti cha Nyuma

Mwenye watoto na awasogeze karibu, kisha asimwite hata mmoja kwa jina mpaka nimalize. Haya, tuanze.

Dougal alikuwa na desturi yake, na wala haikuwa mbaya. Mwanzoni kabisa mwa safari yao, hata jimbo lao la Victoria hawajalimaliza, yeye na mkewe walimsahau binti yao Nell kwenye choo cha kituo cha mafuta. Wakaenda zao wakiimba, mtoto wa miaka minne kabaki kwa muuza soda. Tangu hapo Dougal hakuachia breki ya mkono kabla ya kuita majina. Hageuki nyuma, anaita tu. Mtu anayekokota karavani, nyumba nzima ya magurudumu nyuma ya gari, macho yake yako kwenye vioo vya pembeni kuangalia asiparamie mti.

"Angus?"

"Nipo!" Huyo ndiye mkubwa, wa miaka saba, mwenye mdomo.

"Nell?"

"Nipo!"

"Mama?"

"Nipo," anasema mkewe, Kerryn, na gari linaondoka.

Walikuwa wameuza nyumba yao mjini Ballarat ili waizunguke Australia watoto wangali wadogo. Safari hiyo wengi huifanya, ila kule kaskazini huenda miezi ya baridi. Dougal akachagua miezi ya fukuto, ile ya ngurumo bila mvua, wenye akili wote wameshashuka kusini. Eti apate sehemu nzuri peke yake bila kelele za watu. Akazipata kweli! Kambi tupu, madimbwi matupu, barabara nyekundu haina hata wa kumpungia mkono. Simu haishiki. Kerryn aliweza kumaliza wiki hajazungumza na mwanamke mwenzake ila yule anayempa chenji. Dougal hakuwa mume mbaya, lakini alikuwa na injini ya kusikiliza. Usiku Kerryn alilala akiwasikia watu watatu wakipumua karibu yake na bado akajiona kama mtu aliyeachwa stendi. Hilo hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Asubuhi moja, magharibi ya mji wa Katherine, walikuwa wanaondoka kwenye dimbwi moja zuri lililozungukwa na miti ya mikadi, maji yametulia, ndege hakuna. Dougal alikuwa amelala vizuri, ana furaha zake. Akaita majina, wote wakaitika. Kisha akachungulia kioo na kutania, "Kuna mwingine?"

"Nipo."

Watoto wakaangua kicheko. Angus akadhani ni Nell, Nell akadhani ni Angus, Dougal akacheka akaachia breki. Kerryn peke yake hakucheka. Alikuwa amegeuka nyuma anamfuta Nell uji mashavuni, anawaona wote wawili. Hakuna mdomo uliofunguka.

Harufu ilianza siku hiyohiyo. Harufu ya tope la chini kabisa, lile linalopanda ukilikanyaga, na majani yaliyooza majini. Haikuwa garini, ilikuwa kwenye karavani. Kerryn alitoa magodoro juani, akasugua sakafu, akamwaga siki. Ilipofika saa ya watoto kulala mchana, pampu ya maji ikaanza kunguruma. Pampu ile haifanyi kazi mpaka mtu afungue bomba. Kerryn alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlangoni. Dougal alikuwa chini ya gari, watoto wamelala. Akaingia. Bomba limefungwa. Pampu ikanguruma tena, kidogo, kama mtu anayenywa kikombe kisha akaona aongeze.

"Ni hewa kwenye mpira wa maji," Dougal akasema bila kutoka chini ya gari.

Jioni Nell akapanga sahani, akaweka moja zaidi.

"Ya nani hiyo, mpenzi?"

"Ya huyu." Nell akasogea kwenye benchi kumpa mtu nafasi. "Ana njaa. Anasema hajawahi kuitwa. Hata siku moja, Mama. Baba ndiye wa kwanza."

Kerryn alitakiwa aogope, na aliogopa. Lakini kabla ya woga kulikuja kitu kingine kilichomwaibisha: alimwonea huruma. Hajawahi kuitwa. Akaiondoa ile sahani haraka, akapiga kelele kwamba chakula si mchezo, Nell akalia.

Basi kila walipoondoka mahali, majina yanaitwa, na Kerryn anageuka kuhakikisha. Siku moja Nell alikuwa amelala fofofo, kichwa begani kwa kaka yake, mate yanamtoka.

"Nell?"

"Nipo!"

Sauti ya Nell hasa. Na Nell amelala.

"Dougal, simamisha gari."

"Angus, acha kumwigiza dada yako," Dougal akasema.

"Sijaigiza!" Angus akajibu, na machozi yakamlengalenga. Angus si mtoto wa kulia hovyo.

Kwenye kituo cha mafuta kilichofuata, kibanda kimoja na friji ya barafu, palikuwa na mama mmoja wa Kiaborijini, mwenyeji wa asili wa nchi ile, amekaa benchini na mbwa wake, anasubiri mkwewe aje kumchukua. Muuza duka alimwita Shangazi Dulcie, na kila aliyeingia pale alimwita hivyohivyo.

"Nyinyi nao!" akamwambia Kerryn. "Mnatembea miezi hii, mmefukuzwa kwenu?"

Kerryn akacheka, akasikia kicheko chake kimepauka kwa kukaa bila kutumika. Wakaongea habari za joto, za mbwa, za bei ya mkate. Upepo ukageuka, ukaleta harufu ya karavani. Mbwa akaingia chini ya benchi. Shangazi Dulcie akaacha kucheka.

"Mlilala wapi?"

Kerryn akamweleza.

"Mlipofika mlijitambulisha?"

"Kwa nani? Hapakuwa na mtu."

"Hapakuwa na mtu, anasema." Yule mama akatikisa kichwa. "Sisi pale tukifika tunataja majina yetu, sisi ni wa nani, tumefuata nini. Halafu tunakaa kwa adabu. Hatuulizi nani yupo."

"Mume wangu aliuliza. Alikuwa anatania."

"Yule hajui utani, mwanangu. Kaitwa, kaitika, sasa ni wa kwenu." Akashusha sauti. "Subiri siku atakapoanza kuita yeye. Hapo zibeni midomo. Atakayemwitikia ni wake, anabaki naye."

"Tumtoeje, Shangazi?"

"Unamtoaje aliyekaribishwa? Mwachieni anachokikalia, muondoke. Msimbembeleze, msimtukane." Gari la mkwewe likaingia. Alisimama, akamshika Kerryn mkono, mkono mkavu wa moto, na Kerryn akatamani asiuachie. "Haraka, lakini."

Kerryn alimweleza Dougal usiku, kwa kunong'ona, watoto wamelala nyuma ya pazia.

"Tuiache karavani?" Dougal alisema. "Kerr... hebu Mama, sikiliza. Nyumba tumeuza. Hiki ndicho tulicho nacho. Niwaambie watu nimeiacha porini kwa sababu inanuka?"

"Nimemsikia, Dougal."

"Umechoka. Joto hili linamchosha kila mtu."

Nyuma ya pazia mtu alivuta pumzi ndefu yenye maji, ya mtu anayesikiliza wazazi wake wakigombana. Dougal aliisikia. Kerryn alimwona alivyokodoa macho gizani. Lakini akageukia ukutani, na asubuhi hakutaka kuliongea.

Waligombana tena mchana wa siku hiyo, kwenye kituo cha mapumziko kando ya barabara: meza ya zege, choo, miti ya magome meupe, na kijito nyuma yake. Mbingu ilikuwa nyeusi tangu saa nne. Watoto walikuwa wanacheza, wao wanarushiana maneno kwa sauti ya chini, maneno ambayo watu wakishayasema huwa hawaangaliani. Kisha mvua ikamwagika, mvua ya kwanza ya mwaka, yote kwa pamoja. Kila mtu akakimbilia garini.

"Angus?"

"Nipo!"

"Nell?"

"Nipo!"

Kerryn aligeukia dirishani. Safari zote alikuwa amegeuka nyuma kuangalia, zote kasoro hii, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka Dougal amwone.

"Mama?"

"Nipo," akasema.

Wakaenda muda mrefu wiper zinapigana na maji. Kisha Angus akanong'ona, kwa sauti ya mtoto anayeogopa kusikiwa na aliyekaa jirani yake:

"Mama. Kiti cha Nell kinavuja."

Kerryn akageuka. Mkanda ulikuwa umefungwa, umebana vizuri kabisa, umebana hewa, na kiti kinachuruzika maji ya rangi ya chai.

Alipiga yowe ambalo Angus mpaka leo halisemi. Dougal akakanyaga breki, kisha akakumbuka hawezi kugeuza, maana barabara ile ni nyembamba, kando ni tope, na karavani ndefu ikishazama gurudumu moja haitoki bila trekta, kwa hiyo baba wa watu ikambidi aendelee mbele, aendelee kumwacha mtoto wake nyuma, analia na kugonga usukani, kilomita baada ya kilomita mpaka akapata pahali palipomwagwa kokoto, akageuza, akarudi kwa kasi ambayo karavani ilikuwa inatupwatupwa huku na huku, na vijito vilivyokuwa vikavu walipopita mara ya kwanza sasa vinavuka barabara vikiwa vimebeba matawi, na Kerryn amekumbatia magoti yake anasema jina moja tu bila sauti.

Walipofika, kijito kilikuwa kimepanda mpaka kwenye meza ya zege.

"Nell!" Dougal akaita.

"Nipo!" kutoka kwenye miti.

Akakimbilia mitini. "Nell!"

"Nipo!" kutoka majini. "Nipo!" kutoka ng'ambo. Sauti ya mwanawe, yenye furaha, furaha ya mtu anayeitwa na kuitwa tena, na Dougal tayari maji yako kiunoni anaifuata.

"Usimwite!" Kerryn akampigia kelele. "Dougal, toka! Nyamaza!"

Kwa maana alikuwa amemkumbuka Nell mwenyewe. Nell akiogopa haitiki. Pale kwa muuza soda, walipomrudia, aliitwa weee, hakujibu, alikuwa amejikunja nyuma ya friji. Kerryn akasimama kwenye mvua akasikiliza. Huku "nipo," kule "nipo." Nyuma ya choo, kimya. Akaenda kwenye kimya.

Nell alikuwa kati ya ukuta na tangi la maji, kidole mdomoni, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu.

"Kaniambia ninyamaze," Nell akasema. "Kasema sasa ni zamu yake kwenda na nyinyi."

Waliporudi garini, mlango wa karavani, ambao Dougal aliufunga kwa ufunguo, ulikuwa wazi. Taa ilikuwa inawaka ndani, njano, nzuri. Pampu inanguruma, vyombo vinagongana taratibu. Mtu alikuwa anaosha vyombo. Dougal aliyaona yote. Hakusema kitu kuhusu joto. Alipiga magoti kwenye tope akaanza kuifungua karavani kutoka kwenye gari, minyororo inamponyoka, nguo zao mle ndani, picha zao, vitanda vya watoto, kila kitu walichobaki nacho duniani, na hakuacha mpaka ndoano ikatoka.

Kerryn alikaa nyuma, katikati ya watoto. Dougal akaingia, akashika breki ya mkono. Hakuita majina.

Nyuma yao ndani ya karavani vyombo vikanyamaza.

"Angus?"

Ilikuwa sauti ya Dougal. Na Dougal alikuwa pale mbele, midomo imefungwa. Angus akajiziba mdomo mwenyewe kwa viganja vyote. Mtoto mwenye akili yule.

"Nell?"

Kerryn alimrukia, akamziba kwa mikono yote miwili, na chini ya viganja vyake akaisikia midomo midogo ikihangaika kulitunga lile neno, mara moja, mara mbili, ikashindwa. Gari likakataa kuwaka. Dougal akageuza ufunguo tena. Mvua ikapungua ghafla, na kimya kilichokuja kilikuwa kile cha kambi zote tupu walizolala.

"Kerryn?"

Haikuwa sauti ya Dougal tena. Ilikuwa ya mwanamke, na si yeyote aliyemjua. Wala haikuita "Mama." Ilimwita yeye, kwa jina lake, pole pole, kama mtu aliyekuwa na hamu naye siku nyingi na aliyefurahi kwamba amefika. Hakuna aliyelitamka jina lile tangu Ballarat. Mikono yake yote miwili ilikuwa mdomoni mwa Nell. Alijua kabisa anachokifanya, au hakujua, Mungu ndiye anayejua. Alijisikia tu akisema, kwa sauti ya chini ya mtu aliyekumbukwa:

"Nipo."

Gari likawaka. Dougal akageuza kichwa, mara yake ya kwanza safari nzima. Watoto wake walikuwa wamekaa pembeni, mmoja huku na mmoja kule, na kiti kilichokuwa katikati yao ni kitupu, kimelowa chapachapa. Kule nyuma mlango wa karavani ulifungwa kwa ndani, na baadaye kidogo wakasikia wanawake wawili wakizungumza.