Programu Isiyo na Kufuli

Kila alasiri, akishabadili sare ya shule, Kiherehere alikwenda dukani kwa shangazi yake, mpiga chapa. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa hakuna kitufe alichokiona asikibonyeze. Duka lilikuwa chumba kimoja tu: kompyuta mbili, printa iliyokohoa kama mvuta tumbaku, na benchi ambapo habari za mtaa zilipumzika kabla ya kuendelea na safari.

Siku hiyo benchini walikaa fundi cherehani, muuza mitumba na mwalimu mkuu. Mwalimu alileta ratiba ya mahafali kwenye flashi. Alitaka nakala mia mbili, kwani wazazi wangefika kesho yake asubuhi.

Shangazi alipofungua programu ya kuandikia, kioo kikaandika: "Nakala hii si halali." Programu ikajifunga. Kompyuta ya pili nayo vivyo hivyo.

"Nani kachezea mashine zangu?"

Benchi zima likageukia kompyuta.

"Virusi hivyo, dada," fundi cherehani akasema. "Siku hizi vimezagaa."

Kiherehere angeitikia tu "ndiyo, virusi," yangeishia hapo. Lakini mwalimu mkuu alikuwa akiitazama saa yake.

"Ni mimi, shangazi. Wiki iliyopita niliweka programu iliyovunjwa kufuli kwenye kompyuta zote mbili. Alinipa mwenzangu darasani. Nilitaka uone kwamba najua."

"Kumbe! Na miwani yangu yote hii, nafanyia watu kazi kwa mali ya wizi!" Shangazi akashika kiuno. "Haya, fundi wa kufuli. Watu wanangoja."

Kiherehere akachomoa mfukoni flashi ambayo yeye na wenzake wa klabu ya kompyuta shuleni walipewa na mwalimu wao. "Humu kuna programu huria. Walioiandika wamekubali kila mtu aitumie, aifungue aone ilivyotengenezwa, airekebishe, hata ampe jirani."

"Ya bure?" muuza mitumba akacheka. "Cha bure hakikosi kiraka."

"Na wewe unauza nini, kama si viraka?" fundi akamjibu, na benchi likaangua kicheko.

Programu ikaingia. Ratiba ikafunguka, lakini herufi zilikuwa zimenenepa, na jedwali la majina likamwagikia ukurasa wa pili.

"Nilisema mimi!" muuza mitumba akadakia.

Kiherehere akabadili aina ya herufi, akapunguza pambizo, akavuta safu moja moja kama mtu anyooshaye shuka. Jina la mwisho likapanda mahali pake. Printa ikakohoa, ikatema ukurasa wa kwanza, safi kabisa.

Mwalimu mkuu akausoma mara mbili. "Hakuna hata nukta iliyopotea. Kesho wanafunzi wa klabu yenu ya kompyuta nao watasimama mbele ya wazazi. Nitawaongeza kwenye ratiba."

"Basi ingia uongeze sasa," shangazi akamwambia Kiherehere, "kabla printa haijafika mbali."

Alipokwisha kuongeza, shangazi akamgeuzia kiti kuelekea benchi, wote wamwone.

"Huyu ni mtoto wa kaka yangu," akasema, sauti ikifika hadi barabarani. "Sikia, mwanangu. Ujuzi wa kuiba humwaibisha mwenyewe mbele ya wageni. Ujuzi halali unakalisha wateja benchini. Na leo, ungesingizia virusi, mpaka sasa tungekuwa tunavitafuta."

Muuza mitumba akakohoa kidogo, kama printa.

"Kiherehere, hiyo flashi… nyumbani nina kompyuta mbovu mbovu. Naweza kuazima?"

"Huhitaji kuazima," Kiherehere akasema huku akitabasamu. "Chukua nakala yako."