Kisimamio Chepesi cha Symphorien

Ndugu zangu wa Kashebere, na ninyi mnaopanda kuelekea Masisi na mizigo kichwani, wekeni mizigo chini kidogo. Habari hii ni ya watu mnaowajua kwa sura.

Mwaka 1968 nyumba ya Symphorien ilikuwa nyumba ya kutamaniwa. Jioni moja alikuwa uani akikata nyama ya nguruwe wa pori. Mke wake Françoise alichochea moto, na Edmond, kaka yake Françoise, aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa akiwachekesha watoto. Symphorien akamkatia Edmond mguu mzima wa nyuma, akaweka na ini juu yake. Hiyo ndiyo ilikuwa haki ya jicho la pili.

Niwaeleze wasiojua. Symphorien alikuwa na darubini, bomba refu la shaba aliloachiwa na mzungu mmoja wa mashamba aliporudi kwao. Ilikuwa nzito, haitulii mkononi, kwa hiyo iliwekwa juu ya kisimamio cha mbao chenye miguu mitatu. Wawindaji wetu wakaipa desturi yake. Wawili hupanda kilimani. Mnyama akionekana ng'ambo, mmoja hushuka na bunduki, mwingine hubaki kwenye darubini, kwa sababu aliyeingia ndani ya matete haoni hata hatua tatu mbele. Mwenye bunduki hafyatui kabla ya kugeuka kutazama kilimani. Akiona kitambaa cheupe kimeinuliwa, mnyama bado yupo. Asipokiona, anarudi mikono mitupu. Miaka sita Edmond ndiye aliyebeba kile kisimamio na kuinua kitambaa. Ungemtambua kwa mbali, maana bega lake la kushoto lilikuwa limelala kwa ajili ya mzigo ule.

Lakini jioni ile Symphorien aliutazama mguu wa nyama ukitoka mlangoni pake, na moyo ukamuuma. Sufuria yake ilikuwa imejaa mpaka juu, watoto wake wanalamba vidole, na bado moyo ulimuuma. Tamaa haingoji mtu awe na njaa.

Baada ya wiki chache mchwa wakala kisimamio cha mbao. Mashemeji hao wawili wakaenda Masisi kwa Hubert, fundi wa baiskeli, aliyeweka vitu vilivyoachwa na wapima ardhi. Hubert akawatolea visimamio viwili. Cha kwanza kilikuwa cha mbao ngumu, na kichwa kipana cha shaba ambacho kikikazwa hakisogei. Cha pili kilikuwa cha alumini, chembamba, kichwa chake kidogo kama ngumi ya mtoto. Hubert hakuwaficha kitu. Aliweka darubini juu ya kile chepesi, akakaza skrubu mpaka mwisho, na wote watatu wakaona bomba likiinama lenyewe, polepole, kama mtu anayesinzia kanisani.

Edmond akacheka. "Shemeki, hiki iko kama kuku mugonjwa. Chukua cha mbao, njo kitabeba darubini yetu."

Symphorien akakiinua cha alumini kwa vidole viwili. "Cha mbao kinaomba bantu wawili."

"Na siye tuko wangapi?"

Symphorien akatoa pesa. Alichukua cha alumini. Njia yote mpaka Kashebere Edmond alitembea mbele peke yake, maana alikuwa ameelewa.

Tangu siku hiyo Symphorien aliwinda peke yake. Françoise alimuuliza ni nani anayemwangalilia, naye akamjibu kwamba mtu mwenye macho mawili hahitaji la tatu. Nyama yote ikawa yake, akaikausha na kuwauzia wapita njia. Edmond, mwenye watoto watano, akaanza kutega mitego ya ndezi katika matete ya bondeni.

Sasa sikilizeni. Siku ya kwanza kilimani Symphorien alielekeza darubini ukingoni mwa msitu, akakaza skrubu, akakaa kujaza kiko chake. Aliporudisha jicho, bomba lilikuwa limeshuka hadi uani kwa Edmond. Edmond alisimama katikati ya duara lile, karibu kama mtu wa kumgusa, akitazama juu moja kwa moja. Symphorien akainua bomba. Likashuka tena, pale pale. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Mwishowe akaogopa kutazama bila kuangalia kwanza bomba limeelekea wapi. Akakifunga kichwa kile kwa kitambaa cheupe, akidhani kitazuia skrubu isilegee.

Asubuhi moja ukungu ulijaa bondeni, na hakuna jani lililotikisika. Symphorien aliona mgongo mweusi wa nguruwe ukiingia katika matete. Akashuka. Alipofika, mashina yalikuwa yakitikisika mbele yake, na pumzi nzito ilisikika chini chini. Akainua bunduki. Mazoea ya miaka sita yakamgeuza shingo.

Kilimani, ndani ya ukungu, mtu alikuwa amesimama. Mwembamba, bega la kushoto limelala, na kando ya kichwa chake kitambaa cheupe kimeinuliwa. Symphorien alijawa na furaha. Amekuja, akajiambia, amenisamehe.

Akafyatua.

Sauti iliyotoka haikuwa ya mnyama. Alipoyafunua matete, Edmond alikuwa amelala ubavu, waya wa mtego ungali mkononi.

"Shemeki," Edmond akasema, "nani alikuinulia kitambaa?"

"Njo weye ulikiinua."

Edmond akamtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Wakambeba kwa tipoyi, machela ya miti, kuelekea Masisi, lakini hakufika zahanati.

Wazee walipanda kilimani. Walikuta mguu wa kushoto wa kisimamio umezama matopeni, kitambaa kimelegea na kuning'inia. Wakasema ni upepo ulioinua kitambaa. Lakini Papa Michel, aliyekuwa akichunga ng'ombe kilima cha pili, alishikilia kwamba asubuhi ile moshi wa moto wake ulipanda wima kama mti. Mimi nayaacha hapo.

Baada ya mazishi Françoise alifunga vitu vyake.

"Kama ule muguu wa nyama ulikuuma," alimwambia mume wake, "ungesema tu. Tungekurudishia."

Akaenda na watoto wake kuwalea wale watano wa kaka yake. Bunduki ilichukuliwa. Siku hizi jirani akimpelekea Symphorien sahani ya fufu, hata jirani huyo akiwa peke yake, mzee yule hutazama nyuma ya bega la mgeni wake na kumuuliza: "Muko wangapi?"

FUNZO

Msiniambie habari za mapepo. Mkienda kuchagua kisimamio, wekeni darubini yenyewe juu yake dukani. Kichwa kikiinama, kiacheni, hata kiwe chepesi kama unyoya. Lakini jueni pia kwa nini mnataka wepesi. Symphorien hakuchoka na mzigo, kwa sababu hakuwahi kuubeba hata siku moja. Alichoka kugawa. Alimwondoa mtu ili abaki na ini, na njaa ya mtu huyo ikampeleka mbele ya bunduki yake. Anayewanyima wenzake fungu lao anayafukuza macho yanayomlinda. Gawaneni nyama, enyi watu wa Kashebere na Masisi, mngali na watu wa kugawana nao.