Kome Ambao Hawakuhesabiwa

Jumamosi ile alasiri, Gusmira aliusukuma mtumbwi majini huku mabega yakimuuma. Tangu asubuhi alikuwa amechota maji, amemwogesha mdogo wake, na amechemsha kome, chaza wadogo wa ziwani, ambao mama yake, Amak, aliwauza kando ya barabara. Zamani Amak alijaza ndoo ya kome kabla ya saa tatu. Siku hizi aliinama ziwani hadi adhuhuri, akarudi na robo ndoo na mgongo usionyooka.

Ziwa Maninjau lilikuwa limejaa vizimba vya samaki. Mwalimu Desmawati wa darasa la sita alikuwa amewafundisha wanafunzi namna ya kulipima.

"Samaki akiona maji mabaya huhama," aliwaambia. "Kome atakimbilia wapi? Chakula cha samaki kisicholiwa huzama na kuoza, na yeye aliye chini ndiye wa kwanza kuumia. Mhesabuni, atawaambia hali ya ziwa."

Hivyo kila Jumamosi wanafunzi wawili walikwenda kwenye vituo vitatu: karibu na mdomo wa mto, katikati, na kando ya vizimba. Waliburuta ndoo yenye kamba chini ya ziwa, wakachekecha tope, wakahesabu kome walio hai. Hesabu ilibandikwa kwenye ukuta wa duka la kijijini, na wafugaji wengi wa samaki walikuwa wameanza kuitegemea.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Gusmira na jirani yake, Yelfi. Walipomaliza vituo viwili, viganja vyao vilikuwa vimechubuka.

"Mira, mimi mikono imekwisha," Yelfi alisema, akijilaza ndani ya mtumbwi. "Wiki jana kando ya vizimba walikuwa wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Basi andika thelathini na wanane. Kwani kome watakuja kushtaki?"

Gusmira alivitazama vizimba. Vilionekana mbali kuliko siku zote. Akaandika thelathini na wanane, wakageuza mtumbwi.

Kesho yake mjomba Syafril, kaka yake Amak mwenye vizimba ziwani, alikuja kula chakula cha mchana. Alikaa kwa kishindo kama mtu aliyetua mzigo.

"Nilitaka kuvua samaki wangu kesho, maana mawingu haya siyapendi," alimwambia Amak. "Upepo ukilikoroga ziwa, uozo wa chini hupanda juu. Lakini nimeona hesabu ya dukani. Kome wako wazima, chini ni salama. Nitawaacha samaki wiki mbili wanenepe."

Gusmira alirudisha tonge sahanini.

"Unaumwa?" Amak akamuuliza.

"Hapana, Amak." Machozi yakamtangulia. "Mjomba, usiwaache. Kituo cha vizimba hatukufika. Ile namba niliitunga. Tulikuwa tumechoka."

Mjomba hakupaza sauti. "Mwanangu," alisema, "katika nyumba hii, nani hajachoka?" Kisha akanawa mikono. "Mwite mwenzako. Twendeni."

Kando ya vizimba, ndoo ilipanda na tope jeusi linalonuka kama mayai viza. Walilichekecha mara tatu. Makombe yalikuwa mengi, lakini yalikuwa wazi na matupu. Kome walio hai walikuwa watatu. Yelfi akafunika uso kwa mikono.

Jioni hiyo Gusmira alipita mwenyewe kwa wafugaji, akirudia maneno yaleyale: "Hesabu ya dukani ni ya uongo. Mimi ndiye niliyeandika." Wengine walimshukuru. Mzee Bahrul alicheka kwa dharau.

"Jana kome wazima, leo wamekufa! Kesho mtaniambia wameoa. Nenda zako, mtoto."

Kwa siku mbili mjomba na wenzake walivua. Gusmira na Yelfi walibeba vikapu hadi miguu ikatetemeka. Samaki walikuwa bado wadogo, wakauzwa kwa bei ya chini. Siku ya nne upepo ulishuka kutoka milimani, maji yakageuka rangi, na samaki wa Mzee Bahrul wakaelea matumbo juu, vizimba vyote. Mzee alikaa ukingoni, kofia mkononi. Gusmira alitamani kumfariji, lakini alijua kuwa mzee angemwamini kama hesabu ya kwanza ingekuwa ya kweli.

Wiki hiyo wafugaji walikubaliana kupunguza chakula, na kuacha nusu ya vizimba vitupu hadi kome warudi.

Shuleni, Gusmira na Yelfi walisimama mbele ya Mwalimu Desmawati, tayari kwa adhabu. Mwalimu naye alionekana hakulala vizuri.

"Kuchoka si kosa," alisema. "Hata mimi huchoka. Mngeandika 'hatukufika', ningejua kuna kituo hakijapimwa, ningetuma wengine. Penye nafasi tupu mtu huuliza. Penye namba ya uongo hulala usingizi, na maji yanamfika shingoni. Mlisema kweli kwa kuchelewa, ikaokoa wengi. Mngeisema mapema, ingemwokoa na Mzee Bahrul."

Akawarudishia daftari la hesabu ya kome. "Jumamosi zamu ni yenu tena. Mkishindwa, andikeni kwamba mmeshindwa."