Sauti Iliyosifiwa Makambako

Dorika hakuwa mtu wa kutunga maneno. Alikuwa mjane aliyeleta maharage yake kutoka Mlangali kuuza Makambako, na Jumapili ile, santuri ya tatu ilipokwisha, alijifuta macho kwa ncha ya kanga akasema, "Huyo mwanaume anaimba vizuri. Lakini mwanamke anayemwitikia ndiye aliyeniliza."

Watu wakatazamana.

"Mwanamke gani, mama?" aliuliza Mwalimu Hezekia.

"Huyo wa nyuma. Anayeitikia kwa chini."

Hezekia alicheka kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma Kiingereza cha kwenye jalada. "Hapa hakuna mwanamke. Ni Mmarekani mmoja mweusi, anaimba na kujipigia kinanda mwenyewe. Wamemrekodi peke yake."

Dorika hakubishana. Alikunja tu kanga yake vizuri zaidi kifuani, kama mtu aliyepigwa na baridi.

Walikuwa nyumbani kwa Silvesta, fundi cherehani, mwaka wa hamsini na tatu, Makambako ilipokuwa bado njia panda yenye maduka machache na upepo mwingi. Gramafoni na albamu ya santuri aliletewa na Kefa, dereva wa lori, baada ya kumshonea koti. Kefa alivipata kwa Mzungu mmoja wa shamba la miti ya miwati aliyekuwa akirudi kwao. Albamu yenyewe ilifanana na kitabu kinene, na kila ukurasa ulikuwa mfuko wa karatasi wenye santuri ndani, nne kwa jumla. Kila Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, Waluteri na Wakatoliki wote, walikuja kukaa kwenye chumba cha kushonea. Avelina, mke wa Silvesta, aliwapikia chai. Silvesta alizungusha mkono wa gramafoni, wakasikiliza, kisha kila mtu akatoa maoni yake.

Maoni hayo ndiyo yaliyowaleta zaidi ya muziki. Kefa alisema huo ni wimbo wa mtu aliye safarini ambaye hakuna anayemngojea. Hezekia alisifu mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, akasema unatembea kama mzee anayepanda kilima. Silvesta alipenda pale mwimbaji anaponyamaza katikati ya neno. "Hapo amemeza machozi," alisema. "Hilo huwezi kufundishwa." Avelina, mwenye sauti nyororo na kicheko cha puani, alisema kwamba mtu huyo angeolewa na mwanamke wa Kibena kama yeye angepata nafuu. Wote walicheka, kisha mmoja akamrekebisha kwamba mwanaume huoa.

Jumapili iliyofuata Kefa naye alimsikia mwanamke.

"Yupo," alisema polepole. "Santuri ya tatu, baada ya kinanda kutulia. Dorika, nisamehe, nilidhani umechoka."

"Anaimbaje?" aliuliza Hezekia, safari hii bila kucheka.

"Vizuri. Vizuri mno, mwalimu."

Wiki ya tatu wote walimsikia. Hakuimba maneno, aliguna tu, akipanda na kushuka nyuma ya yule mwanaume, na kila mmoja aliona kwamba hajapata kusikia kitu kizuri kama hiki. Walimsifu hadi chai ikapoa. Hezekia alisema sauti hiyo ingeweza kumtoa mtu kaburini. Hakuna aliyeona kwamba Avelina, aliyesimama mlangoni na birika, alifungua mdomo kuwakaribisha mara mbili na sauti ikatoka imekwaruza.

"Ni baridi ya Juni," alisema Silvesta jioni ile, akamchemshia maji ya tangawizi.

Jumatano Avelina akawa ananong'ona. Jumamosi alikuwa akionyesha kwa mikono. Chumba cha kushonea kilianza kutoa harufu ya maua yaliyooza kwenye maji, na hata Silvesta alipofungua madirisha yote na ukungu ukaingia hadi mezani, harufu ile haikutoka.

Jumapili ya nne walikuja watu wengi kuliko kawaida. Silvesta aliweka santuri ya tatu, sindano ikashuka, kinanda kikaanza, kisha mwanamke akaingia akiwa karibu zaidi, kana kwamba amesogeza kiti, na sasa alikuwa na maneno, na maneno yenyewe yalikuwa ya Kibena. Watu walishusha pumzi kwa raha. "Leo amewazidi waimbaji wote," alinong'ona Kefa. Ndipo mwanamke yule, katikati ya wimbo, alipocheka kicheko kifupi cha puani, akaita, "Silva."

Hakuna mtu duniani aliyemwita fundi Silva isipokuwa mkewe.

Silvesta aliinua sindano kwa kishindo, akaigeuza pembeni, akaishika santuri yenyewe isizunguke, nayo ikasimama kabisa mbele ya macho ya wote, lakini kinanda kiliendelea kutembea taratibu, na mwanamke aliendelea kuimba, na huko mlangoni Avelina alikuwa amejishika koo kwa mikono miwili, mdomo wazi, machozi yakimtiririka, midomo yake ikienda sawasawa na kila neno bila kutoa hata pumzi.

"Zima," alinong'ona Dorika.

"Nimezima."

"Zima, fundi!"

"Nimeshazima, mama! Nimeshazima!"

Watu walikanyagana mlangoni. Wimbo ulipokwisha, ulikwisha wenyewe.

Kesho yake Kefa aliwapakia Silvesta na Avelina kwenye lori hadi Njombe. Daktari wa misheni alimulika koo la Avelina kwa kioo, akasema ni zima kama la mtoto. Walipotoka nje Kefa alikaa kwenye ngazi ya lori, hakuwasha injini.

"Shemeji, kuna jambo sikukwambia," alimwambia Avelina, hakumtazama. "Yule Mzungu wa miwati, nilipokwenda kuchukua vile vitu, mke wake alikuwa amekaa barazani. Nilimsalimu. Alifungua mdomo hivi... kama wewe. Mumewe akamfunika shali. Nikadhani ni ugonjwa wao."

Silvesta alimkamata ukosi wa koti alilomshonea mwenyewe. Kisha akamwachia. "Twende Kifanya," alisema.

Telesia wa Kifanya alikuwa bibi mfupi, msharika wa Kiluteri aliyetibu watu kwa mizizi na kwa maswali. Silvesta alipiga magoti, akamsalimu kwa Kibena. "Kamwene, bibi." Alimsimulia yote. Bibi hakuuliza habari za koo. Aliuliza, "Mlisema nini mlipomsikia?"

"Tulimsifu."

"Maneno gani? Nataka yote."

Silvesta aliyakumbuka mengi kuliko alivyotaka.

"Masoka ya kwetu nayajua," alisema Telesia. "Ni wazee wetu waliokufa. Yanataka pombe, yanataka kukumbukwa. Hili ni jini la mbali, na chakula chake ni sifa. Mkilisifu, linasogea. Halina sauti, kwa hiyo linavaa ya mwanamke aliye karibu. Mmelilisha wiki tatu."

"Nivunje santuri?"

"Ukizivunja sasa, sauti ya mkeo inavunjika nazo. Waite wote waliosifu. Ipigeni santuri ya tatu, na kila mmoja alikatae jini usoni. Asipige kelele, asiombe. Aseme ni baya, na aseme kama mtu anayetoa maoni yake."

Walikusanyika Alhamisi mchana. Ukungu ulikuwa mzito hata barabara haikuonekana. Telesia alimketisha Avelina kwenye kigoda, akampa mizizi atafune, akamwashiria Silvesta.

Sindano iliposhuka harufu ya maua iliwajaa puani, na mwanamke hakungoja kinanda, aliimba mara moja, na jinsi alivyoimba siku ile hakuna aliyewahi kuisimulia vizuri, kwa sababu kila mmoja alisikia kile alichokikosa zaidi: Dorika alisikia jina la utani la marehemu mumewe likiitwa, Kefa alisikia nyumba yenye taa inayomngoja mwisho wa barabara, na mwalimu alishika ukingo wa meza hadi kucha zikawa nyeupe.

"Ni sauti mbaya," alisema Dorika. "Inaniumiza masikio."

"Mbaya," alisema Kefa. "Singesimamisha lori kwa ajili yake."

Wengine wakafuata, kila mmoja kwa neno lake. Hezekia alikawia. Telesia alimgonga kwa fimbo mguuni. "Si... si sauti ya kike," alisema mwalimu. "Ni mkwaruzo tu. Sikuipenda."

Mwanamke alishusha wimbo, akamgeukia fundi. Kila mtu alisikia kwamba amemgeukia. "Silva," alisema kwa kunong'ona, kwa sauti ile ile iliyomwambia ndiyo mbele ya padre miaka sita iliyopita, "Silva, na wewe? Hata wewe hunipendi?" Silvesta alimtazama mkewe kwenye kigoda, aliyekuwa akitikisa kichwa na kumsihi kwa macho aseme, aseme upesi, na alijua kwamba anatukana sauti aliyoipenda kuliko kitu chochote duniani, na kwamba akinyamaza atabaki nayo hivyo, ndani ya sanduku.

"Ni mbaya," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Sikuipenda kamwe."

Kinanda kilipiga noti moja nzito, santuri ikapasuka katikati. Avelina alikohoa, akainama, akakohoa tena hadi damu kidogo ikamtoka puani. Kisha akasema, "Maji."

Silvesta alilia kama mtoto. Zile nyingine tatu walizichoma nyuma ya nyumba, zikatoa moshi mweusi.

"Halijafa," Telesia aliwaambia wote kabla ya kupanda lori. "Limekosa chakula tu. Msilisifu tena popote, hata kwa kunong'ona, hata kwa kukumbuka."

Mwezi wa nane, Emilia, mke wa mwalimu, alirudi kutoka Njombe kwa mama yake alikokwenda kujifungua. Siku nne baadaye Hezekia alikuja nyumbani kwa fundi mchana kweupe, bila kofia, ameshika mtoto mchanga vibaya kama mtu anayeshika mzigo wa mwenzake.

"Emilia aliniuliza, fundi," alisema. "Aliuliza tulikuwa tunasikiliza nini. Nilimwambia tu ilivyokuwa."

"Ulimwambiaje?" aliuliza Avelina.

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Nilimwambia ilikuwa nzuri."

Kutoka upande wa nyumba ya mwalimu, ambako hakukuwa na gramafoni wala santuri, kinanda kilianza kutembea, na nyuma yake mwanamke akapandisha sauti iliyoelea juu ya barabara, safi kabisa. Mtoto alinyamaza kulia akageuza kichwa kuisikiliza sauti ya mama yake. Silvesta alisimama na mkasi mkononi. Uso wake ulilegea, midomo ikaanza kufunguka.

Avelina aliruka meza ya cherehani, akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili.