Waliosimama Nyuma ya Mabenchi

Kidawa alikuwa amechoka. Si ule uchovu unaolala nao usiku ukaamka umekuacha. Huu aliamka nao, akanywa nao chai. Katikati ya wiki alisoma historia chuoni, Westville, ugenini katika nchi ya Wazulu. Jumamosi na Jumapili alisuka watu nywele saluni, Pinetown. Na saa zilizobaki, kama zilibaki, alikuwa mama wa Ramla, mtoto wa miaka saba, bila mtu wa kumpokea mzigo. Ndiyo maana alikuwa amefikia uamuzi kwamba Januari Ramla arudishwe Tanga, akakae shule ya bweni. Kaka yake alishatafuta nafasi. Lilibaki neno lake tu, na jioni hiyo kaka angepiga simu kulichukua.

Na utafiti wake, utadhani ni mzaha, ulikuwa juu ya shule za bweni. Yeye na Urbain, mwanafunzi mwenzake, Mkongo wa Uvira, walikuwa wakifuatilia zile shule za zamani walikopelekwa watoto wa Kizulu, wakanyang'anywa majina na lugha ya mama zao. Jua lilikuwa linazama walipofika kwenye mojawapo, vilimani juu ya Pinetown. Walitaka picha za bwalo la chakula kabla halijabomolewa. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na meza ndefu na mabenchi yaliyosogezwa nyuma, vumbi tele.

Kamera ikazima. Urbain akarudi garini kuchukua betri nyingine.

Kidawa akaketi. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni, na njaa, wanasema, ni mwana malegeza. Akafungua kibakuli chake cha chapati na maharage ya nazi, harufu ikatawanyika bwalo zima. Sasa, mtu wa Tanga hali chakula kimyakimya kama mwizi. Akikifungua tu hukaribisha, hata kama mbele yake yuko paka. Ulimi haungoji akili.

"Karibuni," akasema.

Akamega chapati.

Kisha benchi likaburuzwa.

Halafu la pili. Halafu yote, upande huu na upande ule, kwa pamoja, kama darasa lililoruhusiwa kukaa. Kidawa aliinua macho. Mabenchi yote yalikuwa yamesogea karibu na meza, na hapakuwa na mtu. Ila benchi alilokalia yeye lilididimia kidogo upande wa pili, kwa uzito wa mtu mdogo. Ikamjia harufu ya sabuni ya kufulia na nguo mbichi. Akatia tonge mdomoni kwa kujikaza tu, asijue afanye nini kingine. Halikuwa na ladha yoyote. Maharage yaliyokuwa yakifuka moshi alipokifungua kibakuli sasa yalikuwa baridi.

Urbain alikuwa amesimama mlangoni, hasogei.

"Kidawa," akanong'ona. "Nani iko pembeni yako?"

Hakugeuka kutazama. Alifunika kibakuli, maana chakula hakitupwi, akatoka akitembea polepole, kwa kuogopa kwamba akikimbia atakimbizwa.

Garini, Urbain alimpigia simu Gogo, ndivyo Wazulu wamwitavyo bibi, mzee waliyemhoji wiki iliyopita, ambaye alisomea pale utotoni. Alizungumza naye Kizulu na kumtafsiria Kidawa. Gogo hakushangaa, na hilo ndilo lililomtisha Kidawa zaidi. Alisema kwamba pale mtoto alisimama nyuma ya benchi, mikono mgongoni, mpaka matroni atoe ruhusa ya kukaa. Aliyesikika mchana akisema Kizulu hakupewa ruhusa. Alisimama akiwatazama wenzake wakila. Wapo waliosimama hivyo mpaka wakaugua, na wapo waliougua wasirudi kwao. Tangu shule ifungwe, hakuna aliyewahi kuwaambia wakae.

"Lakini nilisema kwa Kiswahili," Kidawa akasema.

Gogo akajibu kwamba mwenye njaa haulizi lugha. Kisha naye akauliza swali. Je, alisema sala ya kumaliza? Maana bila sala hiyo hakuna mtoto aliyeachiliwa mezani. Na aliyewakaribisha akiondoka bila kuisema, basi watoto hao bado ni wake.

Urbain alisimamisha gari kwenye robot, kama wanavyoziita huko taa za barabarani, ingawa iliyowaka ilikuwa ya kijani.

"Turudi," akasema. "Bado iko karibu. Unasema hiyo sala, tunaenda."

Kidawa alitazama taa za Pinetown zikiwaka chini. Miguu ilimuuma, mgongo ulimuuma, na mtoto alikuwa akimngoja nyumbani pamoja na jirani. Woga alikuwa nao, ndiyo, lakini hata woga unataka nguvu.

"Nimechoka, Urbain. Nipeleke nyumbani. Tutakuja kesho."

Kesho. Neno tamu hilo, na limewaponza wengi.

Julienne, jirani wa Bukavu aliyemwangalizia Ramla, alimfungulia mlango akiwa tayari ameshika mkoba wake.

"Mama Ramla, mutoto anakataa kula," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu jua ilizama, iko anasimama tu."

Akaondoka bila kuaga.

Ramla alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, wali wake umepoa mezani. Kidawa hakuwahi kumwambia lolote kuhusu shule ile. Wala hakuwa amemwambia kuhusu bweni la Tanga.

"Kaa ule, mwanangu."

"Sema kwa wote, mama."

Simu ikalia. Ilikuwa ya kaka yake. Kidawa akaikata, akapiga magoti, akamkumbatia mtoto. Mabega yalikuwa ya baridi. Akamwambia haendi popote, hakuna bweni, hakuna Januari, watabaki wote wawili na mama atajikaza. Alisema kwa moyo wake wote, machozi yakimtiririka, na kila neno lilikuwa la kweli.

Ramla aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayenong'onezwa. Akasikiliza kwa muda mrefu.

"Wanasema usilie," akasema. "Wanasema hata mama zao waliowapeleka bweni hawakuwa wabaya. Walikuwa wamechoka tu."