Kisogo Hiki ni cha Nani

"Kaka, samahani. Kisogo chako kimeingia kwenye picha yangu."

Chanuo alikuwa ameinama kwenye lundo la taulo za mitumba, Jumamosi, soko limefurika, muuzaji anapiga kengele na akina mama wanamsukuma kwa viwiko. Alikuwa amepata taulo moja nene isiyo na doa na hakuwa tayari kuiachia kwa sababu ya picha ya mtu. Akajibu bila kuinuka.

"Kisogo changu kimekuja kununua taulo. Picha yako imekuja kununua nini?"

Nyuma yake mtu akacheka, na kicheko chenyewe ndicho kilichomgeuza. Akamwona msichana aliyevaa gauni la jinzi, kitambaa cha njano kichwani na raba zilizokuwa nyeupe kabla ya soko kuzitia adabu. Shingoni alikuwa na kamera kubwa nyeusi, ameikumbatia kwa mikono miwili kama mtoto anayekataa kushushwa.

"Sogea kidogo basi," msichana akasema. "Au baki hapohapo, ila usiniangalie."

"Nisikuangalie? Hilo sasa ndilo gumu, dada'angu."

Taulo ilikwenda. Mama mmoja aliinyakua wakati Chanuo akitabasamu, naye Chanuo hakuidai. Alimweleza msichana kwamba yeye ni kinyozi, kwamba mtaani wanamwita Chanuo, na kwamba anawajua watu kwa visogo kuliko kwa sura. Mtu akitembea mbele yake, alisema, humtambua kabla hajageuka.

"Na cha kwako anakijua nani?"

"Cha kwangu nakinyoa mwenyewe, kwa kupapasa. Simwamini mtu na mashine nyuma ya shingo yangu."

"Hata mtu mmoja?"

"Bado hajazaliwa."

Walipoachana kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake. Msichana alikuwa mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili wa uhasibu, na Chanuo akamwandika kwenye simu "Mwanachuo". Baada ya muda mfupi neno "wangu" likaongezwa mbele.

Mapenzi yao yalikaa zaidi kwenye simu, maana saluni haina mapumziko na chuo nacho hakina huruma.

"Umekula, kipenzi?"

"Bado. Nimepata mwanga."

"Mwanga unaliwa?"

"Chanuo, ungeuona. Umeingia kwenye ngazi za hosteli ukakata ndoo nusu. Ndoo tu ya kufulia, lakini imekuwa kitu kingine kabisa."

"Kula kwanza. Ndoo haikimbii."

"Mwanga ndio unaokimbia, mpenzi. Nakata."

Na kweli alikata. Kamera ilikuwa ya chama cha picha cha chuoni, na alijiunga nacho kwa bahati tu: mvua ilimkimbiza mlango wa kwanza uliokuwa wazi, akakuta wanafunzi wanazitazama picha ukutani. Mvua ikakatika, yeye akabaki. Tangu siku hiyo aliona picha kila mahali. Hesabu zake alizifanya na akafaulu, lakini macho hayakumng'aa kwa hesabu.

Chanuo alijitahidi kumwelewa. Siku moja alipelekwa kwenye jumba la sanaa, akavaa shati la kwendea harusini. Ndani ya chumba cheupe wakakuta mabeseni yenye kutu yamepangwa mpaka darini. Mwanachuo alisimama pale muda mrefu, mkono mdomoni.

"Hii ndiyo sanaa?" Chanuo akanong'ona.

"Ndiyo. Aliyepanga hakuumba beseni. Amekulazimisha uliangalie, basi. Lini uliwahi kuliangalia beseni?"

"Nyuma ya saluni nina sanaa ya kutosha. Kuna kile kiti kilichochanika. Nikuwekee sahihi?"

Alisema kwa mzaha. Mwanachuo hakucheka. Wiki iliyofuata alikuja na mkokoteni kukichukua kile kiti, na kijana aliyemsaidia kukibeba ndiye aliyeleta balaa.

Waliomjua walimwita Miwani. Alikuwa kiongozi wa chama cha picha, mrefu, mpole, nywele za msokoto zimemfika mabegani. Alimwamkia Chanuo kwa heshima zote, akamwita shemeji, na heshima ile ndiyo iliyomtia Chanuo shaka. Mtu asiye na lake moyoni, aliwaza, ana haja gani ya kuwa mpole kiasi kile? Tena kichwa kisichomhitaji kinyozi hakikuwa kichwa cha kuaminiwa. Tangu hapo kila alipompigia simu mpenzi wake alisikia jina hilohilo. Miwani amesema hivi, Miwani ametuonyesha vile. Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki, hautoki wala haushuki.

Saluni Chanuo alishirikiana na dada yake, aliyesuka wanawake upande wa pili wa pazia na aliyesikia kila kitu.

"Mdogo wangu, unamkwangua mteja," dada akasema siku moja kwa sauti ya juu. "Kama una ugomvi na Miwani, mngoje Miwani."

Mwanachuo aliendelea kuja jioni, akakaa pembeni na kamera yake. Alipiga chupa za mafuta, nyaya, nywele sakafuni. Mlio wa kamera Chanuo aliuzoea, kama alivyozoea wa feni.

Siku moja aliisahau pale saluni, inachajiwa. Chanuo aliifuta vumbi kwa nia njema. Kisha kidole kikabonyeza penye alama ya picha, na kwa hilo nia haikuwa njema hata kidogo.

Akaona sikio la mwanamume. Akabonyeza tena, akaona shingo yenye jasho, halafu kisogo, karibu mno, vinyweleo vinaonekana. Picha baada ya picha alikuwa yuleyule mtu na yuleyule mwanga wa jioni. Hakuonekana uso, wala ukuta, wala kola ya shati, na kwa kuwa kola haikuonekana, wivu wa Chanuo ukamvua yule mtu nguo zote zilizobaki.

Mwanachuo alirudi mbio kuifuata kamera yake. Akamkuta ameishika.

"Huyu ni nani?"

Akaitazama picha, akamtazama Chanuo. Tabasamu likamtoroka, akaling'ata mdomoni.

"Humjui?"

"Ningemjua ningekuuliza?"

"Kweli kabisa, Chanuo? Wewe, mjuzi wa visogo?"

"Mtaa huu hayupo. Huyu hajawahi kukaa kwenye kiti changu."

"Basi subiri maonyesho yetu chuoni, Ijumaa ijayo. Uje umwone mwenyewe."

"Umsogelee mwanamume mpaka jasho lake linaonekana, halafu mimi nisubiri maonyesho? Nikate na tiketi?"

"Kuingia ni bure, mpenzi."

Kama asingetania, labda mambo yangekuwa mengine. Chanuo alimrudishia kamera, akageukia meza yake na kuanza kupanga vitana ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Alimpa kisogo, hasira imempanda mpaka shingo imekakamaa. Alisikia kamera ikilia mara moja, kisha mlango.

Siku zilizofuata kinyozi alikuwa mtu wa kuogopwa. Kila kichwa kilichoingia alikigeuza kwanza, akakunja masikio, akachungulia shingo. Mzee mmoja akamuuliza kama siku hizi ameanza na udaktari. Usingizi ulimpaa, chakula kilikuwa makapi, na simu iliita mpaka ikachoka. Mara moja tu aliipokea.

"Utaninunia mpaka lini?"

"Sijanuna."

"Mbona unapumua kinunanuna?"

Chanuo alitaka kusema kwamba anaumia, kwamba anaogopa ulimwengu ule wa vyumba vyeupe, ambako watu wanaelewa mabeseni naye haelewi. Alitaka kusema usiniache. Badala yake akasema, "Nina mteja," na hakuna mtu kwenye kiti.

"Sawa," sauti upande wa pili ikapungua. "Ijumaa ukija nitafurahi. Usipokuja, nitajua umeniacha, na sitakupigia tena."

Dada alifunua pazia kabla simu haijarudi mfukoni.

"Utakwenda," akasema. "Kama kuna mwanamume, ukamwone. Kama hakuna, ukaone haya. Na mimi nakuja, wifi yangu simwachi peke yake na kichwa chako."

Ijumaa Chanuo alijinyoa upya kwa kupapasa, kama kawaida yake, akapiga pasi lile shati la harusi. Alikuwa ameyapanga maneno yake: atamwona huyo mtu, atamtakia Mwanachuo heri, ataondoka na heshima yake. Ukumbi wa chuo ulinukia rangi mbichi, watu wamejaa, wanaongea kwa sauti za chini. Miwani akawapokea mlangoni.

"Karibu, shemeji. Kazi ya mwenzio iko mwisho kabisa. Watu hawatoki pale."

Mwisho wa ukumbi ukuta mzima ulikuwa kisogo.

Kilikuwa cha mtu aliyenyolewa karibu na ngozi, kikubwa kuliko mlango, misuli ya shingo imesimama, na chini ya sikio la kushoto pana baka dogo jeusi. Chanuo akakitazama, akazitazama nywele za Miwani zilizomwagika mabegani. Kumbe kweli si Miwani. Siku zote alizomchukia Miwani, kumbe yupo mwingine. Chini ya picha palikuwa na karatasi ndogo yenye maneno mawili tu: *Mpenzi wangu.*

Heshima aliyokuja nayo ikamponyoka palepale.

"Mpenzi!" akasema kwa sauti iliyogeuza watu. "Haya, na iwe hivyo. Lakini aliyemnyoa huyu bwana ashitakiwe. Tazameni huo mstari, umekwenda upande kama mlevi. Hata mwanafunzi wangu wa kwanza hakuharibu kichwa cha mtu hivi. Na huyu naye anatembea mjini hivyohivyo, hana hata aibu?"

Mama mmoja aliyesimama karibu alimwangalia Chanuo, akaiangalia picha, akazunguka taratibu kumwangalia Chanuo kwa nyuma, kisha akaondoka haraka huku mabega yakimtikisika. Dada naye alikuwa ameufunika uso wote kwa mtandio.

"Umemaliza?"

Mwanachuo alikuwa amesimama nyuma yake. Gauni jeusi refu, kitambaa kilekile cha njano, macho mekundu ya mtu aliyelala vibaya.

"Nimemaliza. Nilikuja kukuaga."

"Niage umekaa," akasema. "Kaa kwenye kiti chako."

Hapo ndipo Chanuo alipokiona. Kiti chake kilichochanika kilikuwa mbele ya picha, kimeipa mgongo, na mbele ya kiti pametundikwa kioo. Miguu ya kinyozi inakijua kiti. Alikaa kabla hajaamua kukaa, akauona kwenye kioo uso wake uliovimba kwa hasira, na nyuma yake kile kisogo kikubwa.

Mwanachuo akachukua kioo cha mkono kilichoning'inia pembeni, akakiinua nyuma ya kichwa cha Chanuo. Ishara ile Chanuo alikuwa ameifanya maisha yake yote kwa vichwa vya watu. Hakuna aliyewahi kumfanyia yeye.

Akaviona viwili kwa pamoja: kidogo kwenye kioo cha mkono, kikubwa ukutani. Baka lilikuwa lilelile chini ya sikio. Mstari nao ulikuwa uleule, umekwenda upande kama mlevi.

Akapeleka mkono shingoni. Kwenye kioo mkono ukafika penye baka.

"Hili nimekuwa nalo tangu lini?" akauliza.

"Tangu kuzaliwa," dada akajibu kutoka nyuma ya mtandio. "Ulifikiri nakucheka kwa nini?"

Mwanachuo hakucheka. "Wote wanaokaa hapo wanakiona hiki nyuma yao, na wanaulizana ni cha nani. Nilidhani wewe ndiye hutauliza. Nilikuwa na nyingine nzuri zaidi, za jioni, umetulia. Hii niliipiga siku uliyonigeukia. Niliitazama nikaona mtu aliyekasirika hivi bado ananitaka. Nikasema nitaitundika, na asipokuja nitabaki nayo."

Chanuo alikitazama kisogo chake kilichojaa wivu, mbele ya watu wote, na haya zikampanda kutoka miguuni.

"Nisamehe," akasema. "Niliona umeniacha nyuma. Umeingia kwenye mambo makubwa."

"Mambo makubwa ndiyo haya, Chanuo. Umeyakalia."

Jumapili saluni ilikuwa imefungwa na pazia limefunuliwa ili mwanga uingie. Chanuo alikaa kwenye kiti, taulo shingoni, akamkabidhi Mwanachuo mashine.

"Sijawahi," akasema Mwanachuo. Akaigeuzageuza mashine mkononi. "Nikiharibu?"

"Huwezi kumshinda aliyeharibu kwanza."

Akainamisha kichwa. Mashine ikanguruma nyuma ya shingo yake, mahali ambapo hakuwa amemruhusu mtu, na alisikia pumzi za mpenzi wake zikishuka polepole.

"Nataka kuja kwenu," akasema akiwa ameinama vilevile.

Mashine ikasimama. "Kufanya nini?"

"Kumnyoa baba yako. Nikishamshika kichwa, nitamwambia lililonileta."

"Na asipokubali?"

"Nitamwacha na nusu."

Mwanachuo akacheka mpaka ikabidi aegemee bega lake, kisha akamaliza kazi. Akapuliza nywele shingoni. Akachukua kioo cha mkono, akakiinua nyuma ya kichwa kama alivyofundishwa.

"Tazama."

Chanuo hakuinua macho. Aliupeleka mkono nyuma, akaukuta mkono wa mpenzi wake, akakishusha kile kioo.

"Wewe si umeona?" akasema. "Basi."