Njia ya Maji Chini ya Mchanga

"Mita thelathini na moja nukta nne," mpimaji alisema, akiubana utepe kwa vidole viwili pale ulipogusa ukingo wa kisima. Chini gizani ncha ya utepe ilikuwa imefika kwenye maji, na kengele ya kipimo ilikuwa ikilia kama kifaranga.

Dereva hakuandika. Alikuwa ameshika mpira wa pampu, anajaza madumu.

"Shemeji, namba."

"Nimeiweka kichwani."

"Kichwani mwako kuna vumbi tu. Andika."

Aliandika, akarudi kwenye mpira wake huku akicheka peke yake. Dereva alikuwa amemwoa dada yake mpimaji, na kwa miaka tisa mwanamke huyu na shemeji yake walizunguka pamoja kwenye visima saba vya jangwa lile. Maji ya visima vyote yalikuwa mamoja chini ya ardhi. Mji uliyanywa, mashamba yaliyanywa, wafugaji wa ngamia waliyanywa. Kilomita sita mashariki ya kisima cha saba kulikuwa na mgodi uliofungwa. Wenyewe walihama miaka minne iliyopita, wakaacha bwawa la maji machafu ya kuoshea mawe. Kazi ya mpimaji ilikuwa kujua kama bwawa lile linavuja. Visima sita alivyovipima wiki ile vilikuwa safi.

Kabla ya kuchukua sampuli, kisima hupigwa pampu kwanza ili maji yaliyolala yatoke na maji halisi ya ardhini yaingie. Hayo ya kwanza humwagwa. Dereva hakuweza kutazama maji yakimwagwa jangwani. Kwa hiyo kila mwaka, wakifika kisima cha saba, kilichokuwa kitamu kuliko vyote, alimwaga maji ya mjini yaliyobaki kwenye madumu, akaosha nayo kioo cha mbele na miguu yake, kisha akajaza ya kisima. Mpimaji alimwona. Miaka yote tisa alimwona, na hakuwahi kumwambia asubiri kipimo.

Alikuwa anafunga kizibo cha chupa ya mwisho upande wa magharibi ulipopotea. Ukuta wa mchanga, mwekundu chini na mweusi juu, ulikuwa unakuja kimya, na mbele yake ndege wadogo walikuwa wakiruka chini chini kama waliorushwa.

"Panda gari!" dereva alipiga kelele.

Walikimbia na upepo mgongoni, kuelekea mashariki. Kwa kilomita nne waliona njia, kisha hawakuiona tena. Gari liliinama, likaning'inia kidogo, likaanguka kwenye korongo. Ekseli ilikatika kwa mlio wa mfupa. Upepo uling'oa mlingoti wa redio, wakausikia ukigongagonga juu ya paa mara mbili, ukaenda zake.

Ndani ya gari, mchanga ukiwa unasugua vioo, dereva alikunywa vikombe viwili kutoka kwenye dumu. Mpimaji alifungua kisanduku cha vipimo. Alichovya karatasi nyeupe kwenye maji ya kisima cha saba, akatazama saa. Maji yakiwa safi, karatasi hubaki nyeupe. Yakiwa na aseniki, sumu inayotoka kwenye mawe ya mgodi, hugeuka manjano. Hii ilipita manjano ikawa kahawia, rangi ya chai iliyokolea.

Alirudia. Kahawia.

"Shemeji," alisema taratibu, "weka kikombe chini."

Dereva aliitazama karatasi, akatazama madumu manne yaliyojaa nyuma yake. Alifungua mlango dhidi ya upepo, akatia kidole kooni.

Baadaye, vumbi lilipotulia na jua la jioni likaonekana, walihesabu walichonacho. Chupa ya mpimaji, lita moja na nusu. Chupa za sampuli za visima sita: kila kisima chupa mbili za nusu lita. Moja ilikuwa imetiwa matone ya asidi ili isiharibike, hainyweki. Nyingine haikutiwa kitu.

"Lita tatu hizo," dereva alisema.

"Ni ushahidi."

"Sisi tukifa, nani atatoa ushahidi? Chupa?"

Mpimaji alichukua daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa kawaida: *Kisima 1, chupa ya pili. Imenywewa na dereva.* Akampa. Dereva alicheka mpaka akashika tumbo, na kicheko kikageuka kutapika.

Lakini kulikuwa na jambo zito kuliko wao. Wafugaji walikuwa wametuma salamu: Jumatano adhuhuri wangefika kisima cha saba. Ilikuwa Jumatatu. Wangefika na ngamia arobaini na watoto, viriba vikiwa vikavu, kwa sababu ndivyo safari yao ilivyopangwa tangu zamani: kufika pale mikono mitupu, kunywa, na kupumzika.

"Turudi kisimani tuwasubiri," dereva alisema.

"Kwa lita nne, kwenye jua, na wewe unatapika? Na wakifika, tuwaambie msinywe, halafu wanywe nini?"

Alitandaza ramani juu ya boneti na kuweka alama saba za visima. Kando ya kila alama aliandika maji yako kimo gani. Maji ya ardhini hayakai kama ya beseni. Yana mteremko, na yanatembea, polepole penye mchanga, haraka penye nyufa za mwamba. Hapa yalitoka kwenye miamba ya mashariki, yakapita chini ya mgodi, yakashuka kisima cha saba, kisha cha sita, hadi mjini. Kila kilomita kuelekea mashariki maji yalipanda mita moja. Kalamu yake iliufuata mstari ukapita mgodi, hadi kwenye bonde lenye shimo chini ya miamba.

"Ramani inasema shimo kavu," dereva alisoma.

"Aliyeandika alichungulia tu, hakushuka. Namba zangu zinasema maji yako mita tatu chini ya sakafu yake, na hayajafika kwenye bwawa bado."

"Na namba zako zikikosea?"

"Zitakuwa zimekosea."

Dereva aliifuta midomo yake. "Dada yako alinionya juu ya familia yenu."

Waliondoka alfajiri na kamba ya kuvutia gari, kisanduku cha vipimo na dumu moja walilomwaga maji yake, likasuguliwa kwa mchanga na kusuuzwa kwa chupa ya kisima cha pili. *Imetumika kusuuza,* aliandika.

Jua lilipochomoza walifika kwenye bwawa. Hakuna aliyewahi kumwambia mpimaji kwamba lilikuwa zuri. Lilikuwa la buluu ya kung'aa, na ukingoni chumvi nyeupe imeota kama maua. Halikuwa na unyayo wa mnyama, wala nzi. Dereva alisimama, ulimi umemkauka, akalitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

"Kiu inanidanganya," alisema. "Inaniambia onja tu."

"Nishike mkono."

Walilizunguka wameshikana mikono, kama watoto wanaovuka barabara. Kwenye ukingo wa chini mpimaji aliona ufa unaoweza kumeza mguu, udongo wake umelowa. Aliupima kwa hatua zake: hatua arobaini na mbili. Aliandika. Hakumtukana mtu yeyote. Hakujua ni nani aliyejenga ukingo ule, wala aliambiwa nini siku aliyoujenga.

Kutoka hapo zilibaki kilomita kumi. Joto liliwajia kutoka juu na kutoka chini. Dereva alitapika hadi hakubaki na kitu, akaanza kutembea amejikunja. Kila nusu saa mpimaji alifungua chupa, akampa mafunda manne, naye akanywa mawili, akaandika. Ilipofika zamu ya chupa ya kisima cha sita mwandiko ulikuwa umepinda.

"Niache hapa," dereva alisema. "Utanikuta."

"Sitakuacha. Nitamwambia nini dada?"

"Mwambie nilikufa kwa kupenda maji ya bure."

"Tembea, shemeji."

Bonde lilifunguka mbele yao ghafla, bakuli la mawe ya kijivu, na katikati shimo lenye upana wa chumba. Mpimaji alilala kifudifudi ukingoni. Giza. Alitupa jiwe. Liligonga mwamba, likabingirika, likanyamaza. Hakusikia maji.

Alifunga kamba kwenye nguzo ya jiwe, akateremka.

Sakafu ilikuwa ya kifusi, kavu kabisa, na hapo ndipo aliyechora ramani alipoishia kwa macho. Lakini upande mmoja kifusi kiliteremka chini ya mwamba, na kutoka huko ulikuja ubaridi uliomgusa usoni kama kiganja. Alitambaa kushuka. Mita moja, mbili, tatu. Mkono wake ukapita kwenye hewa, ukaingia kwenye kitu baridi.

Aliwasha tochi, na kwa muda hakuelewa alichokuwa anakiona, kwa sababu hakikuwa na uso. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba mwanga ulipita bila kusimama, ukashuka kwenye mawe meupe ya kina ambacho hakuweza kukikadiria, yeye ambaye maisha yake yote alikadiria kina. Paa la mwamba lilikwenda mbali kuliko tochi. Hakukuwa na sauti. Hii ilikuwa mvua iliyonyesha kabla ya jangwa kuwa jangwa, kabla ya mtu yeyote kuwa na jina la kuiitia. Kwa miaka tisa alikuwa ameyapima maji haya kupitia vitundu vyembamba, kama mtu anayesikiliza moyo nje ya nguo. Sasa alikuwa ndani ya kifua.

Kiu ilimwambia anywe. Alichovya karatasi kwanza. Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko kilomita zote kumi. Karatasi ilibaki nyeupe.

"Shemeji!" alipaza sauti, na mwamba ukaichukua sauti, ukaizungusha, ukairudisha kubwa kuliko ilivyokuwa. "Tupa dumu!"

Dereva alikunywa kidogo kidogo hadi jioni, akalala ukingoni mwa shimo. Asubuhi ya Jumatano alikuwa hai lakini miguu haikumtii. Mpimaji alimwachia chupa za maji na kisu, akafunga dumu mgongoni, lita kumi, akaanza safari ya kurudi. Kilomita kumi na sita. Mahali ambapo mchanga ulikuwa laini alihesabu hatua mia, akasimama pumzi tano, akahesabu tena.

Aliona vumbi lao kabla hajaona kisima. Ngamia walikuwa wameshanusa, shingo zimenyooka mbele. Alikimbia, dumu likimpiga mgongoni, akafika huku mwanamume mmoja ameshika kifuniko. Akakaa juu ya kifuniko.

"Binti," sauti ilisema, "teremka hapo kabla ngamia hajakukalia."

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu kama kamba, ambaye wote walimwita Shangazi. Yeye ndiye aliyesema lini kambi inahama na lini inalala.

"Maji haya yana sumu, Shangazi. Bwawa la mgodi limepasuka."

Shangazi aliinamisha pua kwenye kisima. "Hayanuki."

"Sumu yake hainuki."

Alionyesha karatasi mbili, ya kahawia na nyeupe. Shangazi alizitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya watoto wa wengine.

"Karatasi naweza kuipaka chai hata mimi. Hayo ya mgongoni umeyatoa wapi?"

"Kwenye shimo la mashariki."

Watu walicheka. "Shimo lile nimepita mara ishirini," Shangazi alisema. "Ni kavu."

"Umepita juu yake."

"Na kama unatudanganya, wanyama arobaini wananifia njiani. Na watoto hawa."

Mpimaji alifungua dumu. Lilibaki na lita nane hivi. Midomo yake mwenyewe ilikuwa imepasuka na damu imekauka juu yake. Aliita watoto, akawanywesha mmoja mmoja kwa kikombe, bila haraka, hadi dumu likawa jepesi, kisha likawa tupu. Akaligeuza juu chini mbele ya Shangazi.

Shangazi alilichukua dumu, akalitikisa.

"Na wewe umebaki na nini?"

"Nimebaki na njia. Tunatembea pamoja."

"Mwongo hubaki na akiba," Shangazi alisema, akawageukia watu wake. "Vuteni ngamia kabla hawajajirarua pua kwa kamba. Mashariki!"

Walisonga hadi giza, wakalala, wakaondoka alfajiri. Kisima walikiacha kimefunikwa kwa mawe yaliyopangwa haraka, safu moja tu. Ngamia wawili walianguka wakainuliwa. Walipoteremka bondeni asubuhi ya Alhamisi, dereva alikuwa amekaa ukingoni, mwembamba, ndevu zimemtoka, na kamba imepitishwa juu ya gogo kavu alilolikwamisha kati ya mawe mawili.

"Wageni wengi hivi," alisema, "na mimi sijapika."

Watu waliteremka wawili wawili. Kila aliyetambaa chini ya mwamba alitoka uso na kifua vimelowa. Mwanamume aliyetaka kufungua kisima alirudi juu akakaa chini, akaweka mkono kwenye mchanga, wazi, kana kwamba anaweza kuyasikia maji yakipita. Shangazi alikaa huko chini muda mrefu kuliko wote.

"Yanakuja huku, ile sumu?" aliuliza alipopanda.

"Hapana. Maji hayapandi mteremko. Yanakwenda kisima cha sita, cha tano, na mjini."

"Basi wa kule hawajui."

"Hawajui bado."

"Nina ngamia wawili wanaokimbia. Wakishanywa na kupumzika, chagua mmoja. Mpwa wangu atakupeleka."

Walipanga mstari: wawili chini wakijaza, wanne wakivuta, wengine wakipokea na kumimina kwenye turubai lililotandazwa kama birika. Ngamia mmoja hunywa ndoo kumi na zaidi. Mikono ilichubuka. Dereva, aliyekatazwa kuvuta, aliwasimamia wote kwa maneno. Kila ngamia mmoja alipomaliza kunywa, mpimaji alishuka kutazama alama aliyoichora kwenye mwamba. Maji hayakuwa yameshuka hata unene wa uzi.

Jua lilipogusa ukingo wa magharibi wa bonde, ngamia kumi na watatu walikuwa wamekunywa. Ishirini na saba walisimama wakitazama shimo. Barua ya onyo ambayo mpimaji angeipeleka mjini ilikuwa na mistari minne kwenye daftari, wa tano umeishia katikati. Shangazi aliinua mkono, kamba ikalegea.

"Inatosha leo, mtu asije akaanguka humo," alisema. "Wadogo na wenye mimba wataanza alfajiri. Binti, wewe utaondoka wa kwanza, kwa hiyo kalale."

Mpimaji alifunga kalamu, akaiweka ndani ya daftari, kwenye ukurasa ule ule.